Njia Tuliyokwenda Kuifungua Kusini mwa Maneromango

Rafiki zangu wa Tangini,

Tangu turudi, kila anayenikuta kisimani ananiuliza yaliyotupata, na kila nikianza kusimulia sauti inanikatikia njiani. Wengine mmemuuliza mume wangu Zakaria. Amewajibu kwamba tulikwenda salama tukarudi salama, kisha akachukua jembe akaenda shambani. Msimwone mkali. Nimeona heri niandike yote kwa mpangilio wake, ili mwenye kutaka kujua asome, na asiyejua kusoma asomewe.

Mnajua ilivyoanza. Mimi ni mtoto wa Maneromango. Baba yangu ni seremala kule, na kusoma nilijifunza kulekule misheni. Masika ya safari hii yalikuwa mazito, na njia inayotoka Maneromango kwenda vijiji vya kusini ikamezwa na pori. Wagonjwa wakawa hawana pa kupitishwa kuletwa zahanati. Serikali ilisema njia ile itafunguliwa zamu yake ikifika. Wazee wa vijiji hawakuweza kungoja zamu hiyo, wakatuma salamu makanisani na misikitini, kwa watoto wao wote waliotawanyika: mwenye mikono aje tufyeke.

Zakaria hakuzaliwa kule, lakini yeye ndiye aliyesema kwanza, "Mama Neema, twende." Ni fundi wa kuangusha miti, na alisema kazi ya shoka ndiyo zawadi pekee anayoweza kuwapelekea wakwe zake bila kuona haya. Tukamwacha Neema kwa bibi yake, tukafunga mizigo.

Tangini hadi Kisarawe

Tuliacha barabara ya Morogoro asubuhi, tukashika njia ya miguu inayokata porini kuelekea Kisarawe. Zakaria alitangulia na fimbo yake, shoka begani, makali yamefungwa kwa kipande cha gunia. Hakuniruhusu nimfuate karibu. "Nikijikwaa," alisema, "shoka halitauliza wewe ni nani."

Ndivyo alivyo porini. Watu wengi hutazama chini kwa kuogopa nyoka. Yeye hutazama chini, kisha huinua macho akatazama juu, ndipo akakaa. Mara mbili nilitua mzigo kivulini naye akanihamisha, kwa sababu ya tawi kavu lililokuwa limenasa kati ya matawi mabichi. Nilinung'unika. Nilikuwa nimechoka na kivuli kilikuwa kizuri.

Kijito ambacho kiangazi tunakivuka bila kuvua viatu tulikikuta kimefura, maji mekundu, yanapita na vijiti na povu. Kando yake alikuwa amekaa mwanamke muuza vyungu, mzigo wake ameutua kwenye nyasi kwa uangalifu kama mtoto aliyelala.

"Shikamoo mama," Zakaria alimwamkia. "Hapa panavukika?"

"Marahaba. Panavukika."

Zakaria akaanza kukunja suruali. Yule mama akamtazama mpaka akamaliza kukunja miguu yote miwili, kisha akasema, "Panavukika maji yakipungua. Sikusema sasa."

Tukakaa naye. Tulikuwa na mihogo, yeye alikuwa na kipande cha papa mkavu. Akawasha moto kwa kuni ambazo mimi ningeapa haziwaki, tukachoma, tukala, akatusimulia habari za mkwewe ambaye hamsalimii vizuri. Jua lilikuwa limeshainama maji yalipofika chini ya alama ya jiwe aliyokuwa akiiangalia. Tukavuka tumeshikana mikono. Zakaria alitaka kumsaidia vyungu, akakataa katakata. "Nikivivunja mwenyewe sitamchukia mtu," alisema. Tulilala kwake, kwenye nyumba mbili tatu zilizo pembeni ya msitu, na kesho yake tukaingia Kisarawe.

Kisarawe, kwa Bi Mwajuma

Kisarawe tulifikia kwa Bi Mwajuma, ndugu wa jirani yetu. Alitukaribisha kwa bada la unga wa muhogo na mchuzi wa samaki na kisamvu cha nazi, na wakati tunanawa mikono akatuuliza safari yetu ni ya nini.

"Tunakwenda kusafisha njia, mama," Zakaria alisema.

Bi Mwajuma akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha akauliza, "Na kuku mnaye?"

"Kuku wa nini?"

"Mtasafisha njia bila kuchinja? Na mganga wenu yuko wapi, ametangulia?"

Zakaria akaangalia chini, akajikaza asicheke. "Mganga hatuna, mama. Tuna shoka."

Nje, kwenye baraza, mtu alicheka mpaka vikombe vikagongana. Alikuwa Mzee Ramadhani, muuza kahawa, aliyekuwa ametua birika lake hapo kupumzika. Aliingia akiwa bado anapangusa macho, akamweleza Bi Mwajuma kwamba hawa wanakwenda kufyeka, si kupunga mashetani, na Bi Mwajuma naye akacheka, akatuongezea samaki kwa aibu.

Ramadhani alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mkewe amefariki zamani. Maneno hayakumwishia. Akatumiminia kahawa, na mwenyewe akachuchumaa ndipo akanywa. Hakunywa kitu amesimama, hata funda moja. Alisema mama yake alimlea hivyo, na kwamba kinywaji cha kusimama hakijui kiende wapi tumboni.

Tulipomweleza njia tunayokwenda kuifungua, mara hii alisikiliza bila kudakia.

"Mwisho wa njia hiyo kuna binti yangu," alisema. "Zuhura. Ameolewa kule, na sasa ana mimba yake ya kwanza. Kila siku najiuliza, siku ikifika atapitia wapi?"

Asubuhi tulipotoka tulimkuta mlangoni, panga mkononi, birika la kahawa limefungwa kwenye mzigo.

"Kahawa nitauza siku nyingine," alisema. "Twende, wanangu."

Kisarawe hadi Maneromango

Njia ya Maneromango mnaijua kwa sifa zake. Nje kidogo ya Kisarawe tulikuta lori limezama kwenye tope hadi ekseli, dereva amekaa juu ya bampa anavuta sigara kama mtu aliyefika. Akasema tukimsukuma atatupakia. Tukalisukuma. Likatoka, tukapanda, na kabla hatujapata pa kukaa vizuri likazama tena. Nadhani sisi tulilibeba zaidi kuliko lilivyotubeba.

Kila tukikwama, Ramadhani alikoka moto akachemsha kahawa. Dereva alikunywa, utingo alikunywa, na wapita njia walikunywa. Bibi mmoja aliyekuwa na kapu la mabungo alikunywa, akatuachia mabungo tukayafyonza mpaka meno yakauma. Kila tukimuuliza dereva kama kumebaki mbali, alijibu, "Mmeshafika." Mvua ikaja, tukajifunika turubai moja watu wote, tope likiwa limetufika mapajani, na chini ya turubai lile Ramadhani akamwigiza Bi Mwajuma akiuliza kuku. Zakaria alicheka mpaka akakohoa. Mimi mkewe wa miaka yote hii sikuwahi kumsikia akicheka namna ile, na tangu tumerudi namtazama usoni nikikitafuta kicheko kile.

Tulimaliza safari kwa miguu. Baba yangu alitupokea uwanjani kwake, akatutazama tulivyo na tope, akamwambia mama alete maji kabla ya salamu. Tulikula wali wa nazi na kuku, na mama akamfungia Ramadhani wali mwingine kwenye jani la mgomba, kwa kuwa alisikia ana binti mjamzito, kana kwamba binti yule alikuwa chumba cha pili.

Porini

Kiongozi wa kazi alikuwa Mwalimu Danieli, mtu mpole, mfupi, anayependa mambo yaende sawa. Nataka nimtendee haki. Hakutupeleka porini ovyo. Kila asubuhi alituita kwa majina, na jioni alituita tena kabla hajaruhusu mtu kula. Alisema mtu asiende peke yake hata akienda haja. Mtu asifuate nyuki akasahau wenzake. Asiingize mkono kwenye tundu wala kwenye gogo lenye uvungu. Akung'ute viatu na nguo kabla ya kuvaa. Anywe maji kabla kiu haijamshika. Tena alitugawa makundi mawili, la mlimani na la bondeni, kila moja lianze upande wake ili yakutane katikati.

Zakaria alikuwa na wenye mashoka wa kundi la mlimani. Ramadhani alikuwa na wenye mapanga waliotangulia kufyeka vichaka. Sisi wanawake tulipika kambini na kuwapelekea maji.

Pori lile si kama la kwetu. Mitambaazi yake minene kama mkono hupanda mti huu ikaingia mti ule, hadi miti mitano sita imefungana vichwa. Ukikata mmoja hujui utavuta upi. Zakaria alilisema hilo siku ya kwanza. Akaagiza mitambaazi ikatwe kwanza chini, na mti ukianza kulia, mwenye shoka apaze sauti, "Mti huo," na kila mtu akimbilie nyuma ya mkataji. Hilo lilieleweka, na kila mmoja alilifuata.

Jioni moja, makundi yakiwa yamekaribiana, tulikuwa tunakula pamoja. Mtu mmoja wa bondeni akasema, "Mwalimu, na mtu anayekuja bila kujua? Tukitaka asisogee tumwambieje? Maana sisi huku tunapiga mluzi, wenzetu sijui wanafanyaje."

"Tunasema simama," mmoja wa kwetu akajibu.

"Hilo tuliweke sawa," Mwalimu Danieli alisema. "Kesho tutalizungumza."

Wakati ule ugali ulikuwa umeshapakuliwa na mawingu yamefunga. Matone yakaanza, tukainua vyungu tukakimbilia kwenye vibanda. Asubuhi alituita kwa majina, akarudia maagizo yake, tukaenda kazini. Lile neno hakulikumbuka, na hakuna aliyemkumbusha. Sote tulikuwa tumekaa pale, tena tulikuwa tumesikia.

Ilikuwa siku hiyohiyo. Nilifika na mtungi wa maji wakati Zakaria na mwenzake wanaushughulikia mti mkubwa wa mkongo. Niliwapa maji wa karibu, kisha nikampelekea Ramadhani, aliyekuwa ng'ambo ya kichaka, mbali na mti, upande ulio salama. Alipokea kata kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwanangu. Leo nimeota Zuhura amejifungua mapacha."

"Utawalea wewe?"

"Nitawanywesha kahawa," alisema, akachuchumaa anywe.

Nikaondoka, hatua chache tu. Nikasikia ukelele wa Zakaria, "Mti huo," na wa kwetu wote wakakimbia kama walivyofundishwa. Mkongo ukaenda ulikotakiwa kwenda. Lakini juu kabisa, mahali jicho halifiki, kulikuwa na mtambaazi mmoja ulioshika gogo kavu lililokuwa limeegemea mti mwingine miaka mingi. Mkongo ulipoanguka ukauvuta. Gogo lile likaachia, likaning'inia kwa mtambaazi, likaja likibembea kutoka ubavuni, urefu wa kifua cha mtu.

Wakati huohuo watu wawili wa kundi la bondeni wakatokea, wanakatiza kuelekea kwetu, wanaongea. Hawakuliona. Zakaria aliwaona wao, akaliona na gogo.

"Simama," aliita. "Simama."

Wale wawili wakasimama. Gogo likapita mbele ya nyuso zao. Mmoja alisema baadaye kwamba alisikia harufu yake.

Mimi nilikuwa wima, kwa hiyo nikaganda palepale. Kwa aliye wima neno lile lina maana moja. Ramadhani alikuwa amechuchumaa, kata mdomoni. Akafanya alivyoambiwa. Aliinuka.

Angebaki chini, gogo lingempita juu ya kichwa; sasa likampiga kifuani.

Tulitengeneza machela kwa miti miwili na shuka. Alikuwa bado ana fahamu, anapumua kwa shida. Sehemu tuliyokuwa tumeifyeka tulikwenda haraka, karibu kukimbia, na nakumbuka nilifikiri, njia hii inafanya kazi yake. Zakaria alishika machela upande wa kichwa. Hakukubali kupokewa.

Njiani Ramadhani alifumbua macho. "Nilisikia mtu ananiambia nisimame," alisema. "Kulikuwa na nini?"

Zakaria alijibu huku anatembea. "Ni mimi, mzee wangu. Sikukuambia wewe."

"Mimi nilidhani nyoka."

Hakusema tena. Alikata roho kabla hatujaona paa la zahanati.

Kwa Zuhura

Waislamu wa Maneromango walimzika siku ileile, kwa heshima zote. Watu wa makundi yote mawili walikwenda. Zuhura asingeweza kuwahi, na katika hali yake hakuna aliyethubutu kutuma mtu wa kukimbia na habari ile. Baada ya maziko Zakaria alimwambia Mwalimu Danieli kwamba kesho atakwenda yeye.

"Hulazimiki," Mwalimu alimwambia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi ndiye kiongozi. Mimi ndiye niliyesema kesho."

"Najua," Zakaria alisema. "Lakini aliyeita ni mimi."

Nikafuatana naye. Tulipita mahali kazi ilipokoma, tukaingia kwenye pori lisilofyekwa. Sasa nilielewa kwa miguu yangu kile Ramadhani alichokuwa anakiogopa. Palikuwa na sehemu tulizopita kwa kutambaa, na miba iliyonichania kanga. Nilikuwa najaribu kumwona mwanamke mwenye uchungu akipitishwa pale kwa machela, nikashindwa.

Mumewe Zuhura alitupokea. Zakaria alimchukua kando akamwambia yeye kwanza, naye akawaita wanawake wa kijiji, wakaingia ndani kwa binti. Tulikaa nje tukasikiliza kilio. Mimi nilishika lile birika la kahawa mapajani, kwa kuwa ndilo tulilomletea, pamoja na panga na nguo zake. Jua lilizunguka nyumba. Mtu akatuletea uji, hatukuunywa.

Alasiri Zuhura alitoka, tumbo kubwa, ameshikwa mkono na mama mkwe wake. Alikaa kwenye mkeka, akamtazama Zakaria.

"Wewe ndiye uliyesema neno lile?"

"Ni mimi, dada."

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Watu wawili. Walikuwa wanaliendea gogo bila kuliona."

"Wamepona?"

"Wamepona."

"Wanaitwa nani?"

Zakaria akanitazama mimi, nami sikuwajua. Tulikuwa tumekula nao, tumezika nao, na hatukuwauliza majina. Sasa nadhani walikuwa wanatukwepa, na sisi tunawakwepa wao.

"Sijui," alisema. "Ni wa kundi la bondeni."

"Kawaulize," Zuhura alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Nitaulizwa baba yangu alikufaje. Huyu tumboni ataniuliza. Nikisema aliangukiwa na mti, hiyo itakuwa habari nusu. Nataka niseme na hao watu, kwa majina yao."

Zakaria alisema atakwenda kuwauliza. Alitaka kusema na neno jingine, nilimwona anavyolitafuta, lakini Zuhura aliomba asaidiwe kuinuka, akarudi ndani.

Kambini tulipofika Zakaria hakutua mzigo. Alikwenda moja kwa moja upande wa bondeni akawauliza wale wawili majina yao. Mmoja ni Hamisi, mwingine ni Paulo. Paulo alilia, akasema tangu siku ile hajalala, kila akifumba macho anajiona anatembea anacheka. Zakaria aliwaeleza Zuhura alichosema. Wakatazamana. Asubuhi waliomba ruhusa kwa Mwalimu Danieli wakaenda wenyewe kujitambulisha kwake, na waliporudi walisema wamemlimia bustani iliyokuwa imeshikwa na majani, na ya kwamba aliwauliza hata majina ya mama zao.

Asubuhi ile, kabla ya kazi, Mwalimu Danieli alituita sote. Akasema kuanzia sasa hakuna atakayesema simama porini, wala hakuna atakayepiga mluzi. Neno ni moja, tulia. Anayelisikia, awe anatembea, amekaa, amechuchumaa au amelala, asitikisike. Akatufanya tujaribu. Wengine walitembea, wengine walikaa, akaita, "Tulia," na watu wote wakawa kama magogo. Akatuuliza kama kuna asiyeelewa. Hakukuwa na mtu. Jambo lote lilikwisha kabla chai haijachemka jikoni.

Ndugu zangu, hilo ndilo linaloniuma. Kama ingekuwa kazi ya kutwa nzima ningesema hatukupata nafasi. Jioni zote tulizokaa pale, hadithi zote tulizosimuliana, na ugali wote ule. Nami nilikuwapo nikichota mchuzi.

Kurudi

Tulibaki tukafanya kazi siku kadhaa zaidi. Zakaria aliendelea na shoka, na aliangusha miti kwa usalama, lakini ukelele wa "Mti huo" alimwachia mwenzake. Kisha tukaaga. Njia ilikuwa haijamalizika. Nasikia imefika kijijini kwa Zuhura, ila bado hatujajua kama amejifungua, na kila anayetoka upande ule namuuliza.

Safari hii hatukupata lori, wala hatukulitafuta. Kisarawe habari ilikuwa imetutangulia. Bi Mwajuma hakutuuliza kitu. Alipika vilevile, bada na samaki, akatuwekea, akakaa nasi. Hakuna aliyekula cha maana. Baadaye alisema, "Siku ile niliwauliza kuku mkanicheka, nami nikacheka. Sasa najiambia ningelikazana tu, hata kwa kuwaombea dua."

"Dua tulikuwa nazo, mama," Zakaria alimjibu. "Mwalimu alituombea kila asubuhi."

Bi Mwajuma alipangusa uso kwa ncha ya kanga. Barazani kwake kulikuwa na wanaume wawili watatu waliokuja kukaa kwa mazoea, hawana vikombe.

Kijito tulikikuta kimepungua, tukakivuka bila kungoja. Muuza vyungu hakuwapo. Zakaria alitangulia kama kawaida, fimbo mbele, shoka begani. Alitazama chini, akatazama juu. Aliponionyesha pa kukaa nilikaa, sikunung'unika.

Karibu na barabara ya Morogoro tulisikia sauti ya mashoka. Watu walikuwa wanaangusha mti mkavu wa kuni, wageni, hatuwajui. Chini yake, upande ule unaoinamia, kulikuwa na wanawake watatu wameinama wanaokota matawi, migongo yao imeelekea mti. Nilisikia mti unalia. Hata mimi sasa naijua sauti ile.

Nilingoja Zakaria aite. Nilimwona kifua kimejaa pumzi. Kisha akatua shoka chini, akatua mzigo, akaenda. Hakukimbia, maana mtu akikimbiliwa hushtuka. Alitembea kwa haraka mpaka chini ya mti ule, akamgusa wa kwanza begani, akamwonyesha kwa mkono aende wapi. Akamgusa wa pili. Wa tatu alikuwa bibi mzito wa masikio, akamshika kiwiko akatoka naye polepole, yeye akiwa upande wa mti na bibi upande wa nje.

Wakataji walikuwa wamesimamisha mashoka wanamtazama.

"Bwana, ungepiga kelele tu," mmoja alimwambia. "Umejitia hatarini bure."

Zakaria alingoja mpaka bibi alipokaa vizuri, mbali. Mti ukaanguka, vumbi likapanda. Akarudi nilipokuwa, akakaza gunia kwenye makali ya shoka, akaniambia twende nyumbani.